Kila Kitenzi na Mkia Wake: Kiingereza Nilichojifunzia Kwenye Steshenari

Ilikuwa inakaribia magharibi, printa nishaifunika kanga, nasaka komeo nifunge, akaingia kijana mmoja jasho linamtiririka. Baiskeli kaitupa ukutani. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma nje, na pasipoti imepotelea kwenye basi akitoka Dar. Barua ya kuwaeleza waliompa ile nafasi alikuwa ameiandika mwenyewe kwenye simu, anataka niihamishie kwenye kompyuta, niipange vizuri, nimchapie. Sentensi ya kwanza ilisema hivi: "I was stolen in the bus from Dar es Salaam to Tanga."

Nikamwuliza, "Mwanangu, walikuiba au walikuibia?"

Akacheka mpaka akakaa. "Waliniibia, shangazi. Mie mzima."

Haya, mwongozo wangu wote wa Kiingereza umo ndani ya swali lile. Sisi tukitaka kutofautisha mtu aliyetekwa na mtu aliyepotezewa mali, tunachomeka kijisauti kimoja tu: kuiba, kuibia. Mzigo wote tunautia tumboni mwa kitenzi. Pika, pikia, pikiana, pikisha. Kiingereza hakina tumbo hilo. Kitenzi chake ni kile kile, "steal", na habari ya nani kaiba nini kwa nani inaburutwa nyuma kama mkia: "steal something from someone". Anayekaa mara tu baada ya "steal" ni kitu kilichochukuliwa. Ukijiweka wewe hapo, umeibwa wewe. Barua ya yule kijana tukaiandika "My passport was stolen on the bus", na kama angetaka kuanza na yeye mwenyewe angechukua kitenzi kingine chenye mkia mwingine: "I was robbed of my passport".

Nina steshenari Ngamiani, hapa Tanga, kwenye hizi barabara zetu za namba, mwaka wa kumi na nne sasa. Fotokopi, kuchapa, lamineti, picha za pasipoti, na barua. Barua ndizo zinazonilisha. Elimu yangu ni ya kidato cha nne na ualimu sijausomea. Lakini ukichapa maombi ya kazi ya watu kila siku ya Mungu, makosa yanaanza kukupigia salamu kwa majina. Na nimegundua kuwa mengi hayatokani na kutojua maneno. Maneno wanayajua. Kinachowaangusha ni mikia.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya, kabla ya kingine chochote, ni kubadilisha daftari lako. Mwanafunzi wa kwetu anaandika "explain" upande huu, "eleza" upande ule, kisha anafunga daftari akidhani kamaliza. Hajaanza. "Eleza" inapokea mtu moja kwa moja: nieleze, mweleze, tueleze. Akiibeba hivyo hivyo anapata "explain me the problem", na Mwingereza anakunja uso. "Explain" inataka kile kinachoelezwa kwanza, kisha mtu aje na "to": "explain the problem to me". Basi usiandike "explain". Andika "explain something to someone", mstari mmoja mzima, na chini yake sentensi moja ya maisha yako mwenyewe. Mimi nina kauntabuku ya kurasa nyingi chini ya kaunta, na kila kitenzi kimeingia kwa mkia wake na mteja wake. Ya "explain" ni ya mama mmoja wa Makorora aliyekuwa akimwandikia mwajiri wa bintiye.

"Suggest" ni ndugu wa tatizo hilo hilo, na ni mkorofi zaidi. Alinishauri niende hospitali. Sisi tunaona "ni" imekaa ndani ya "alinishauri", tunaandika "he suggested me to go". Hapana. "Suggest" haimkubali mtu nyuma yake kwa namna hiyo. "He suggested that I go", au "he suggested going". Ukimtaka mtu akae pale pale, chukua "advise": "he advised me to go". Maana inakaribiana, mikia mbalimbali. Huwezi kuuhamisha mkia wa mbuzi ukamtia ng'ombe.

Lakini usikate tamaa ukadhani kila kitenzi kina tabia yake ya peke yake. Vinatembea kiukoo, kama watu. Hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote nilipolitambua. Vitenzi vya kumzuia mtu asifanye jambo vinapenda "from" na "-ing": "prevent someone from going", "stop someone from going", "discourage someone from going", "ban someone from going". Ukikutana na kitenzi kipya chenye maana ya kuzuia, bahatisha "from" na mara nyingi utapatia. (Mara nyingi, sikusema daima. "Forbid" imezoea "to".) Ukoo mwingine ni ule wa kumwondolea mtu kitu, nao unapenda "of": "rob someone of his phone", "cure someone of malaria", "relieve someone of his duties". Angalieni Waingereza walivyo: simu iliyokwapuliwa, malaria iliyopona na kazi uliyofukuzwa, vyote wameviweka kapu moja! Barua ya kufukuzwa kazi niliyowahi kuombwa kuisoma kwa sauti ilikuwa na hilo "relieved of your duties". Mwenye barua akashusha pumzi, akadhani anapunguziwa kazi.

Sasa nije kwenye kosa ambalo naliona karibu kila wiki, na ambalo sikulielewa chanzo chake kwa miaka mingi.

Mtu anaomba likizo. Juu, katikati ya ukurasa, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: REQUEST FOR LEAVE. Sawa kabisa. Anashuka chini, anaanza: "I request for seven days leave." Hapo kakosea. Inatakiwa "I request seven days' leave", bila "for". Nilikuwa naifuta ile "for" kimyakimya, mteja anairudisha kwa kalamu. "Mbona juu umeiacha, shangazi?" Sikuwa na jibu. Nikawa namwambia ndivyo kilivyo. Jibu baya hilo, humwambii hivyo mtu mzima.

Jibu nililipata siku mvua imetuziba, hakuna mteja, nikaanza kupanga barua za zamani kwenye kompyuta. Juu ya barua "request" ni jina. Chini ni kitenzi. Neno lile lile, tabia mbili. Kitenzi cha Kiingereza mara nyingi kina mikono: kinakamata kitu chake kikavu, bila msaada. Jina halina mikono. Jina likitaka kushika kitu lazima lipewe kijiko, na kijiko ni yale maneno madogo: "of", "for", "to", "on". Ni kama wali na uji: wali unaula kwa mkono, uji huwezi.

Nilipoliona hilo nikaanza kuliona kila mahali. "We discussed the salary", mkono mtupu. "Our discussion about the salary", kijiko. Kwa hiyo "we discussed about the salary" ni mtu anayekula wali kwa mkono huku kashika kijiko kwenye mkono huo huo. "She answered the question", lakini "her answer to the question". "They visited Tanga", lakini "their visit to Tanga". "He lacks experience", lakini "his lack of experience", ndiyo maana utawasikia wengine wakisema "he lacks of experience", wamevuta kijiko cha jina wakakitia kwenye kitenzi. "She emphasised the price" na "her emphasis on the price". "We demand payment" na "our demand for payment". "Please contact the office" na "I have lost contact with the office". "He entered the port" na "his entry into the port".

Mtaniuliza, kijiko gani kwa jina gani? Hapo hakuna njia ya mkato, ni kukariri jina na kijiko chake kama ulivyokariri kitenzi na mkia wake. "Request" ina "for", "answer" ina "to", "lack" ina "of", "influence" ina "on". Lakini kuna afueni moja kubwa. Kama kitenzi chenyewe tayari kinatembea na kijiko, jina kwa kawaida hurithi kile kile. "Apply for a job", "application for a job". "Depend on rain", "dependence on rain". "Believe in God", "belief in God". Na kama kitenzi kinafuatwa na "to" na kitenzi kingine, hilo nalo hurithiwa: "decide to leave" inazaa "the decision to leave", "refuse to pay" inazaa "the refusal to pay", "attempt to swim" inazaa "an attempt to swim". Kwa hiyo urithi upo. Kisichorithiwa ni mkono mtupu.

Siku hizi yule mwenye kuuliza "mbona juu umeiacha" namwonyesha kwa kidole kwenye kioo: hili la juu ni ombi, hili la chini ni naomba. Anaelewa kabla sijamaliza. Kiswahili kinamsaidia, kwa sababu "ombi la likizo" lina "la", na "naomba likizo" haina kitu. Kumbe kijiko na sisi tunacho!

Mwisho wa barua ndipo penye shimo la pili. "I am looking forward to hear from you." Wanafunzi wa vyuo, walimu, hata mhasibu mmoja wa kule kwenye mashamba ya mkonge, wote humo. Inatakiwa "hearing". Wanashangaa, kwa sababu walifundishwa kuwa baada ya "to" kitenzi kinakaa uchi: "to go", "to eat". Tatizo ni kwamba "to" ziko mbili zimevaa kanzu moja. Moja ni mlango wa kitenzi, nyingine ni kijiko cha kawaida kama "for" au "on".

Kuzitofautisha, fanya hivi. Ondoa kitenzi kinachofuata, weka jina mahali pake. "I am looking forward to your reply." Inakubali? Inakubali. Basi "to" hiyo ni kijiko, na kitenzi kikija pale lazima kivae "-ing" ili kifanane na jina. Jaribu na "want": "I want to your reply". Imekataa, inachekesha. Basi "to" ile ni mlango wa kitenzi, andika "I want to hear". Kwa jaribio hilo hilo utajua kuwa ni "I am used to working at night", kwa kuwa "I am used to noise" inakubali, na kuwa ni "I am committed to learning", kwa kuwa "committed to my work" inakubali. Dakika moja tu, wala huhitaji kitabu.

Na CV zote za Tanzania, nadhani, zina sentensi ya "ability to work under pressure". Hiyo ni sahihi, iache. Ila wengine hapo hapo wanaandika "I am capable to work" na "I am interested to work with you". "Capable of working". "Interested in working". Kuna "interested to", lakini ina marafiki wachache: "interested to know", "interested to hear", "interested to see". Kazi haimo.

Kuhusu "make", "do", "take" na "have", nitapita haraka, maana wengi wanazilalamikia bure. Kwa nini "make a mistake" lakini "do homework"? Kwa nini "take a photo"? Nami nawauliza: kwa nini tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, tunapiga kura? Nani kampiga nani? Hakuna anayejua, na hakuna mtoto wa Tanga anayekosea. Nao wana "piga" zao. Jifunze jina na kitenzi anachotembea nacho, kama unavyomjua mtu na rafikiye, uendelee na safari.

Majina yenyewe sasa. Hapa lazima nikiri dhambi yangu. Kibao cha duka langu, nilichomlipa mchoraji kwa pesa ya kwanza niliyoipata, kilisomeka STATIONERIES kwa rangi nyekundu. Kikakaa juu ya mlango miaka mitatu. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa fotokopi, alikuwa anakitazama kila akija, anatabasamu, anaingia. Siku moja akaniambia, "Bibie, nina neno na kibao chako, usikasirike." Akaeleza kuwa "stationery" kwa Kiingereza ni kama unga au sukari. Haihesabiki moja, mbili. Kalamu zikiwa elfu na bahasha elfu, bado ni "stationery". Nikamwita mchoraji, akafuta IES akaweka Y. Doa la rangi mpya bado linaonekana, jekundu limezidi wenzake.

Majina ya namna hii ni mengi, lakini machache ndiyo yanayojaa kwenye barua: "information", "advice", "furniture", "luggage", "equipment", "news", "homework", "evidence". Hayachukui "s" ya wingi, hayachukui "a" mbele. "News" ina "s" lakini ni danganya toto: "the news is good". Sisi tunakosea kwa sababu ya ngeli zetu. Mizigo ni mingi, basi "luggages". Vifaa ni vingi, basi "equipments". Lakini "ushauri" wetu hatuusemi kwa wingi, na bado watu wanaandika "advices"! Hapo hata sijui walikopa wapi. Ukilazimika kuhesabu, kata kipande: "a piece of advice", "two pieces of furniture", "three items of luggage".

Na jihadhari na yale yanayobadilika maana yakihesabiwa. "Experience" bila "s" ni uzoefu. Ukisema "experiences" unasimulia mikasa iliyokupata. Mtu wa kuomba udereva aliyeandika "I have many experiences on the road" alinifanya niulize kama amepinduka mara ngapi. Anayetaka uzoefu wa miaka mitatu aandike "three years' experience", au "three years of experience". "Paper" ni karatasi ninayouza kwa rimu, "papers" ni nyaraka zako. "Work" ni kazi unayotafuta, "works" ni kazi za mwandishi au ujenzi wa barabara.

Utajuaje haya yote bila kukaa steshenari miaka kumi na minne? Kamusi, lakini iwe ya wanafunzi wa Kiingereza. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ni nzuri kwa maana, ila kwa mikia mara nyingi itakuacha hewani. Zile za wanafunzi hukuonyesha mkia wazi, "explain something to somebody", na kwa majina huweka herufi C kwa yanayohesabika na U kwa yasiyohesabika. Nyingi ziko kwenye simu bure. Mmoja wa waanzilishi wake ni Mwingereza aitwaye A. S. Hornby, aliyekwenda Japani mwaka 1924 kufundisha. Kamusi yake, yenye vitenzi vilivyopangwa kwa mikia, ilitoka kwanza huko huko Japani mwaka 1942. Baadaye John Sinclair na wenzake pale Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, wakakusanya maandishi na mazungumzo ya watu kwenye kompyuta, wakatazama maneno yanavyotumika kweli badala ya kubuni mifano, na mwaka 1987 wakatoa kamusi ya COBUILD inayoeleza neno kwa sentensi nzima. Nilipolisoma hilo nilijiona mimi na kauntabuku yangu, ila wenzangu walikuwa na mashine kubwa zaidi.

Hata wewe unaweza kuchungulia kwenye ghala kama hilo. Kuna mkusanyo wa Kiingereza cha Uingereza wa maneno milioni 100, uitwao British National Corpus, unaopekuliwa kwa intaneti. Andika "discuss about", kisha "discuss the", ulinganishe idadi. Usifanye hivyo kwenye Google ukaamini tu, kwa sababu Google itakuletea na barua zetu sisi wenyewe.

Jambo moja nililojifunza kwa kuumia: kabla hujamsahihisha mtu, uliza barua inakwenda wapi. "Request for" na "discuss about" zimeenea Afrika Mashariki kiasi kwamba bosi wa hapa mjini atazisoma na kukuelewa bila kuguna, huenda naye ndivyo aandikavyo. Wala wenye lugha yao wenyewe kwa wenyewe hawakubaliani: Mmarekani anaandika "write me", Mwingereza anataka "write to me", na wote wanajiona wako sawa. Ikienda kwa jirani, nachapa kama ilivyo kama mwenyewe anataka. Ikienda ubalozini au chuo cha nje, naondoa kijiko kilichozidi.

Ukurasa wa mwisho niliouandika kwenye kauntabuku ni wa "insist". Fundi cherehani alikuja na "the customer insisted me to pay". Tukakaa nalo, tukafungua kamusi kwenye simu yake, betri ina asilimia nne. "Insist on something." "Insist on doing." "Insist that." Mtu wa kulazimishwa hana kiti pale. Tukaandika "the customer insisted that I pay", na chini yake nikajikumbushia kwa wino mwekundu: ukimtaka mtu, chukua "force". Simu ikazima. Kurasa mbili, shilingi mia nne, akasema atalipa kesho.